Fundi cherehani wa Mwanjelwa aliyesema Jumatano na ikawa Jumatano

Kila mwaka nashona nguo za Idi, na miaka mingi yaliyonikuta yalikuwa yale yale. Fundi anapokea kitambaa mapema, anapokea na advansi, halafu usiku wa kuamkia sikukuu umesimama mlangoni kwake na mtoto mgongoni, kitambaa chako bado kimekunjwa vile vile ulivyomkabidhi. "Njoo kesho alfajiri mama, ya kijana imebaki vifungo tu." Kesho yenyewe watu wako uwanjani wanaswali. Safari hii nimempata fundi aliyetaja siku na siku ikafika na nguo zikiwa zimepigwa pasi. Naandika kwa ajili ya mwenzangu yeyote wa Mbeya anayetoka kazini usiku na hajui apeleke wapi vitambaa.

Yuko nyuma ya soko la Mwanjelwa, kwenye kichochoro cha wauza nyuzi, zipu na lesi. Bango hana. Ni chumba kimoja: vyerehani vitatu vya kukanyaga, kimoja cha ovaloki cha umeme, meza ya kukatia iliyotandikwa blanketi la kijivu, na pasi mbili, ya umeme na ya mkaa, maana umeme ukikatika kazi haisimami. Mwenyewe ni mama mtu mzima, Mnyakyusa, mtu wa Moravian. Jumapili usiende, yuko kanisani. Wateja tunamwita Bibi. Anafundisha kazi mabinti watatu, na sisi wote, wateja na mabinti, anatuita "mwanangu".

Nawaambia ni mtu wa Moravian kwa sababu moja. Ukutani ana kalenda ya kawaida, na Ramadhani ilipoingia alianza kuandika kwa penseli, kwenye kona ya kila siku, namba ya mfungo: 1, 2, 3. Ikifika 20 hapokei tena kitambaa cha mtu hata ukimbembeleza. Nguo zote za Idi zinatakiwa zitoke kabla ya 28, kwa sababu, alivyoniambia, "ninyi mwezi wenu unaweza ukaonekana 29, mimi nikabaki na kanzu za watu mikononi." Hafungi, ila hesabu anaijua vizuri.

Bosi wangu hiyo hesabu ilimshinda. Mimi ni keshia kwenye duka la jumla la mchele, sukari, mafuta na sabuni, upande wa Kabwe. Jina la duka siliandiki. Wiki mbili kabla ya sikukuu nilimpelekea barua kuomba siku mbili za Idi, ambazo serikali yenyewe imezitaja kuwa mapumziko. Akaisoma mbele ya wateja, kwa sauti, akauliza: "Tarehe ngapi?" Nikamwambia itategemea mwezi kuandama, ni moja kati ya siku hizi mbili. Akacheka, akawageukia vijana wa kubeba mizigo: "Huyu anaomba ruhusa ya siku asiyoijua. Wewe na mwezi wako." Barua akaiweka chini ya kikokotoo na ikakaa hapo. Kuanzia siku hiyo hakuniita kwa jina tena. Ilikuwa "Mwezi, hebu njoo", "Mwezi, mzigo umefika". Vijana nao wakafuata.

Sina shida na kazi ngumu, nimeifanya tangu nikiwa msichana. Ila Ramadhani nzima nilifuturu tende mbili nimejificha nyuma ya viroba, kwa sababu mtu kula kaunta ni kosa na kutoka kaunta nako ni kosa. Huku kwetu jua linachelewa. Adhana ya Dar inasikika redioni, sisi tunasubiri dakika 20 na zaidi ndipo magharibi yetu iingie, karibu na saa 1, na hiyo ndiyo saa wenye maduka madogo wanafurika kufunga hesabu ya siku. Naisikia adhana ya wenzangu mkono uko kwenye noti. Natoka saa 2 usiku. Nikifika Mwanjelwa, mafundi wote wameshafunga.

Bibi Ramadhani anafunga saa 3 na nusu. Alianza hivyo, anasema, baada ya kuona wanaokuja usiku ndio wale wale ambao mchana hawaruhusiwi kutoka: wahudumu wa hoteli, walinzi, mabinti wa majumbani, makeshia. Watoto wangu hakutaka niwapeleke mimi. Nilimtuma binti yangu mkubwa na wadogo zake mchana, Bibi akawapima, akaandika kwenye daftari, jioni akanipigia kuuliza kanzu ya kijana iwe na darizi kifuani au iwe tupu. Jambo dogo, lakini kwa mtu anayehesabiwa dakika ni kubwa sana.

Mimi alinipima mwenyewe, saa 2 na nusu usiku, umeme umekatika, binti mmoja ameshika taa ya sola. Nilishawahi kushona kwake gauni la harusi ya mdogo wangu mwezi wa nane, kwa hiyo vipimo vyangu vilikuwemo. Akapitisha futi kifuani, akaangalia daftari, akapitisha tena.

"Mwanangu, inchi mbili zimekwenda wapi?"

Nikasema ni mfungo. Akaniambia mfungo una siku 17, na mfungo hauli inchi mbili. Nikanyamaza, halafu nikajikuta namweleza yote: barua, jina la Mwezi, na ile shoti (upungufu wa fedha kaunta) ya 18,000 niliyokatwa kwenye mshahara, kwa sababu bei ya sukari ilipanda asubuhi na hakuna aliyeniambia. Hakunishauri kitu. Aliinama akaandika, akasema, "Nitakuachia kitambaa ubavuni. Mwili ukirudi, unaniletea nakifungua." Niliondoka pale nikiwa na nafuu ambayo sikuipata popote mwezi mzima.

Sasa ile siku ya Jumatatu, ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike. Nilipitia kuangalia maendeleo nikakuta kitambaa changu kiko mezani: lini (kitani) ya kijani, mita 4, niliyoinunua 8,000 kila mita kwa fedha ya kubana. Mikono imeshakatwa, na ni mifupi. Si ya kufika kifundo kama tulivyokubaliana, inaishia chini kidogo ya kiwiko. Binti aliyekata, mdogo kuliko wote, amesimama na mkasi hajui auweke wapi. Mimi mwenyewe, kabla hajasema mtu neno, nilirudi nyuma mpaka mlangoni na mabega yamepanda. Nilikuwa nasubiri kelele. Mwili ulishazoea kwamba kitu kikiharibika kelele inafuata, hata kama wa kupigiwa kelele si mimi.

Bibi aliuchukua mkono mmoja, akaupima, akauliza: "Umekata kwa kipimo cha nani?"

Binti akafungua daftari na kuonyesha. Alikuwa amesoma mstari wa juu yangu, wa mama mwingine.

"Macho yameruka mstari. Umekula saa ngapi?"

Asubuhi.

"Nenda kale kwanza. Ukirudi utamweleza mama mwenyewe tulichofanya na tutakachofanya."

Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Sauti ilikuwa ile ile anayoulizia bei ya nyuzi. Binti alirudi, akaniamkia upya, akaniomba radhi akiniangalia, akanieleza kwamba vipande vilivyobaki vinatosha kuongeza mkono kuanzia kwenye kiwiko, na kwenye kiungo watapitisha lesi nyeusi ya upana wa vidole viwili ili ionekane ni mtindo. Lesi juu yao. Nikisema sitaki, wananunua kitambaa kingine juu yao. Nilitaka lesi. Nilipokwenda tena Jumatano niliona kitu kipya juu ya daftari: rula. Sasa kila anayesoma vipimo anailaza chini ya mstari anaousoma.

Kazini kwangu bei ya sukari bado imebandikwa ile ya zamani. Nilikatwa fedha, nikaitwa kichwa kibovu mbele ya foleni, na karatasi haijabadilishwa. Mtu mwingine atapata shoti pale pale.

Benchi la kibarazani linakaa watu wanne, na ukisubiri hapo unasikia mengi. Mzee mmoja aliyefuata suruali, ambaye zamani alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani, ndiye aliyenifumbua macho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri hakukati mshahara ovyo. Sharti sheria yenyewe iruhusu au wewe ukubali kwa maandishi. Ukifanya kazi siku ya sikukuu ya serikali, saa zako zinalipwa angalau mara mbili ya mshahara wa msingi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi ni ovataimu. Na mkishindwana, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA. Nimefanya kazi miaka 6 na hakuna aliyewahi kunisomea hata kifungu kimoja. Nilimwandikia bosi barua ya pili, nikaweka nakala nyumbani, nikataja ile 18,000. Mpaka leo hajairudisha. Ila usiku mwezi ulipoandama, alipopiga simu saa 3 kutaka nifungue duka asubuhi, nilimjibu kwa adabu kwamba kesho nitakuwa kwenye swala na watoto wangu, na kama anahitaji mtu wa siku ya sikukuu tuandikiane malipo. Akakata simu. Siku ya tatu nilirudi, akanipa funguo bila neno.

Tuzungumze nguo. Kanzu ya kijana wangu wa miaka 8, shilingi 12,000. Ya baba yao 25,000. Magauni ya mabinti wawili, 15,000 kila moja. Langu lenye bitana 30,000. Jumla 97,000, nusu advansi, nusu siku ya kuchukua, na anapokea fedha kwa simu. Mtu anayeshona kwa bei ya chini kuliko hapo yupo, pale pale sokoni, lakini geuza nguo ndani uone. Za Bibi zimepigwa ovaloki kila mshono, hakuna uzi unaoning'inia, kola ya kanzu imesimama hata baada ya kufuliwa mara tatu, na pindo ameliacha inchi tatu kwa ndani, maana kijana anarefuka. Vipande vilivyobaki hakubaki navyo. Alivikunja akaviweka kwenye mfuko pamoja na nguo. Sijawahi kuona fundi anayerudisha vipande.

Kasoro zipo. Kifungo kimoja cha kanzu ya kijana kilikatika pale pale tukiwa tunatoka kwenye swala. Vifungo vyake anavishona kwa uzi mmoja, na nimemwambia. Kanzu ya baba yao ilikuja na doa dogo jeusi pindoni, la pasi ya mkaa, likatoka kwa sabuni. Kioo chake ni kidogo, unajiona kuanzia kifuani kwenda juu, na mahali pa kujaribia ni kona iliyozibwa kwa khanga ambayo upepo ukipita unaishika mwenyewe. Mvua ya masika ikinyesha, walio kibarazani wanaloa. Simu yake mchana haipokelewi, tuma ujumbe. Na ukichelewa siku moja baada ya ile 20, usimlaumu, hata dada wa jirani yake alirudishwa.

Asubuhi ya Idi kulikuwa na ukungu umeshuka kutoka Loleza na baridi ya kuvaa sweta juu ya kanzu. Tulitoa zakatul-fitri ya mchele wa Kyela kabla ya swala, mabinti wangu wakashikana mikono ili magauni yasiguse tope. Watu watatu waliniuliza lesi ile ya mikononi nimeona wapi mtindo wake. Niliwaelekeza kichochoroni. Jioni nilimpelekea Bibi sahani ya pilau na visheti, akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akaigawa mara nne, yeye na mabinti.

Juzi nimerudi kwake, Idi ya kuchinja inakaribia na kanzu ya kijana imeshapanda juu ya kifundo. Pindo alilifungua yule binti mdogo, kwa rula, akanitoza 1,000. Alipomaliza aliangalia daftari, akaniuliza kama anifungulie na ubavu wa gauni langu la kijani. Nikamwambia bado.