Mchanga wa paka: nunua usiotembea

Alfajiri moja niliinuka kutoka sijda na chenga za udongo zimeninata kwenye paji la uso. Nilidhani makombo ya mkate. Nikazinusa: lavenda. Nyumbani kwangu kitu chenye lavenda ni kimoja tu, choo cha paka, nacho kiko bafuni, mbali na pale ninaposalia. Msala na msalani, vitu ambavyo wazee wetu walivitenganisha kwa silabi moja na adabu nyingi, vilikuwa vimekutana kwenye paji langu.

Paka mwenyewe si najisi, hilo tumefundishwa tangu madrasa. Anachokifukia ni habari nyingine.

Paka wangu, Kibua, nilimtoa Soko la Feri akiwa na miezi kama mitano, na kabla hajaingia nilijiandaa kama nampokea mkwe: bakuli mbili za udongo, boksi la kumbebea, gogo la kunolea kucha lililozungushiwa kamba ya katani. Kucha ananolea kochi. Bakuli hazijali, hata sahani kuukuu ingemtosha. Kwa sisi tunaoishi ghorofani, tusio na hata kipande cha bustani, kitakachoamua kama mtaelewana na huyo mgeni ni mchanga wa choo chake, na mimi nilinunua kwa kuambiwa. "Dada, huu ndio wanaochukua watu wa Masaki," alisema kijana wa dukani. Shilingi 35,000, kilo 10, mfuko una picha ya paka mweupe amelala kwenye maua.

Kuhusu harufu sitawachosha. Kila mfuko umeandikwa unaua harufu. Ukizoa kila siku, hata mchanga wa kawaida haunuki. Usipozoa, lavenda haikuokoi. Na kuzoa kila siku kuna faida kubwa kuliko pua: vimelea vya toksoplazma vikitoka na kinyesi cha paka huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kumwambukiza mtu, kwa hiyo ukiwahi umeshavishinda. Mwenye mimba amwachie mwingine kazi hiyo. Harufu imeishia hapo.

Ninachokitazama mimi ni kutembea. Paka hutoa jasho kwenye nyayo, na kati ya vidole vyake mna manyoya. Weka hapo joto la Dar la Februari, halafu mpe punje laini kama chenga za sembe. Zitamganda, ataruka nje ya beseni, atapita sebuleni kwa madaha yake, na zitamdondoka moja moja mpaka kwenye mto wako. Zile ulizokanyaga wewe huingia kwenye ukili wa mkeka na hazitoki kwa ufagio.

Kinachonichekesha ni kwamba biashara hii yote ilianza kwa sababu ya nyayo. Januari 1947, huko Cassopolis, mji mdogo wa jimbo la Michigan, Marekani, mama mmoja alikuwa akimwekea paka wake majivu, maana mchanga wa nje ulikuwa umeganda kwa baridi. Paka akawa anagonga mihuri myeusi nyumba nzima. Jirani yake, Edward Lowe, ambaye na baba yake waliuza vitu vya kufyonza mafuta sakafuni viwandani, akampa mfuko wa udongo mkavu ajaribu. Mama akarudi kutaka mwingine. Ndipo Lowe akajaza mifuko na kuiandika Kitty Litter. Miaka ya 1980 ukaja ule wa bentonaiti, aina ya udongo unaoganda donge ukilowa, mzuri kwa kuzoa, lakini ili donge lishike vizuri punje hufanywa ndogo. Tukarudi palepale kwa yule mama, ila sasa tunalipia.

Baada ya ile alfajiri nilitandika buibui langu kuukuu mbele ya choo cha Kibua. Kila mchanga niliojaribu niliupa wiki, na kila asubuhi nilihesabu punje juu ya kitambaa cheusi. Mume wangu alinikuta nimechuchumaa na tochi ya simu, akageuka akarudi kulala.

Wa kwanza, na sitajifanya sina upande, ni Cat's Best Smart Pellets wa Wajerumani. Ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa kuwa vijiti vifupi laini, vinaganda vikilowa, na kijiti hakikai kati ya vidole vya paka. Asubuhi ya tatu nilihesabu viwili. Viwili! Mfuko wa lita 10 una kama kilo 5 tu, ndiyo maana wifi yangu wa Sharjah hukubali kunibebea bila kununa. Angalia jina lote mfukoni, kwa sababu kampuni hiyohiyo ina Cat's Best Original, mzuri pia, lakini ni mwepesi kama maranda na unasafiri. Ndiyo, ni ghali. Ndiyo, si kila mtu ana wifi Sharjah. Mimi naupenda na sijalipwa na mtu.

Wa pili ni silika, vile vipande vyeupe kama chumvi ya mawe. Hauna vumbi kubwa na unakaa muda mrefu, ila haugandi: mkojo unanyonywa ndani na vipande vinageuka manjano, lazima uvivuruge kila siku, halafu siku moja umwage wote. Chagua wenye vipande vya mabonde mabonde. Ule wa duara kama shanga hautembei na paka, unabingirika wenyewe. Nimeokota mmoja chini ya jiko la gesi. Na usiku paka akifukua utasikia kama mtu anatafuna barafu.

Catsan ule mweupe usioganda, wa mchanga wa kwatsi na chokaa, nauweka wa tatu kwa ukubwa wa punje zake. Bentonaiti ya punje nene, kama choroko, inafuata. Bentonaiti usimpe mtoto wa paka wa wiki chache, wanapenda kuonja, na kamwe usiimwage chooni: inavimba ndani ya bomba, na fundi atakuja na bei yake. Bentonaiti laini yenye manukato haina nafasi kwenye orodha yangu.

Maranda ya seremala ni karibu bure, na utayaokota mpaka kwenye sufuria ya wali. Mchanga wa baharini uache ufukweni.

Sasa wauzaji. Kwa nini huyu anauza kwa lita na yule kwa kilo, kwenye rafu moja? Silika ya lita 3.8 haifiki hata kilo 2, na inapangwa kando ya bentonaiti ya kilo 5 kana kwamba ni ndugu. Ukiuliza unaambiwa "ni saizi hiyohiyo dada". Wengine wanafungua gunia, wanakuchotea kwenye mfuko wa nailoni usio na jina, na kinachobaki chini ya gunia, lile vumbi tupu, ndicho anachouziwa mteja wa mwisho. Nimewahi kuwa mteja wa mwisho. Feni ya sebuleni ilikuwa inazunguka nilipomimina. Nilifuta televisheni siku mbili. Na kwa ile bei niliyolipa mara ya kwanza, kilo ya udongo ilikuwa ghali kuliko kilo ya sembe. Udongo!

Kijana wa lavenda bado ana namba yangu. Wiki iliyopita alinitumia picha ya mifuko mipya, mzigo umeingia. Nikamwuliza punje zake zina ukubwa gani.

"Unanukia vizuri sana dada," akajibu.