Puli nyepesi ya krenki kwenye Subaru EJ205: uzoefu wangu hapa Tanga

Puli yenyewe, lile gurudumu la mikanda kwenye ncha ya mbele ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ni ya alumini, imechongwa kipande kimoja, na nimeifunga nyumbani kwenye Impreza yenye injini ya EJ205 na gia ya mkono. Ile ya kiwandani ya chuma ilisoma kilo 2.2 kwenye mizani ya duka, hii mpya gramu 600. Tofauti ni kilo 1.6. Hiyo ndiyo namba ya kushika, na kila sifa anayoiandika muuzaji ipimwe kwa hiyo.

Swali la kwanza la kila mtu ni nguvu. Puli nyepesi haiiongezei injini nguvu. Inachofanya ni kuipunguzia mzigo wa kuzungusha kila unapokanyaga mafuta, na ukubwa wa nafuu hiyo unategemea gia uliyopo. Tuchukulie zile kilo 1.6 zilikuwa wastani wa sentimita 5 kutoka katikati ya krenki. Kwenye gia namba moja, ukizidisha na difu, krenki ya gari hili inazunguka kama mara 13 na nusu kwa mzunguko mmoja wa tairi. Hesabu inatoka hivi: gari linaondoka kama vile limeshushwa mzigo wa kilo saba na nusu. Kwenye gia namba tano krenki inazunguka chini ya mara tatu kwa kila mzunguko wa tairi, na nafuu inabaki chini ya nusu kilo. Ukiwa unatoka Muheza kwenda Segera kwa gia ya tano usitegemee kuhisi chochote. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto kwa gia ya pili, hapo inaonekana: mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unainuka haraka ukitaka kushusha gia, na ukiachia mafuta unaanguka haraka vilevile. Kwa dereva anayependa kubadili gia kwa usahihi, hilo ni jambo zuri na nimelifurahia. Anayetafuta mwendo mkubwa aweke pesa yake kwingine.

Kabla ya kuagiza, jua unaiwekea injini gani. Kila silinda inapolipua mafuta, krenki inajisokota kidogo kisha inarudi. Krenki ndefu inajisokota zaidi, na mtetemo wake wa asili unaangukia ndani ya mizunguko ambayo injini inafanyia kazi kila siku. Ndiyo maana puli ya kiwandani ya injini za silinda sita kwenye mstari mmoja ina pete ya mpira katikati: mpira ule unameza mtetemo. Mark II, Verossa au Crown zenye 1JZ au 1G, na Aristo yenye 2JZ, msiziguse kwa puli ya alumini isiyo na mpira. Mtetemo usiomezwa unaishia kwenye gia za pampu ya oili, kwenye boliti za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), na hatimaye kwenye krenki yenyewe. EJ ni boksa ya silinda nne, zimelala mbili kila upande; krenki yake ni fupi na ngumu, imeshikwa na beringi kubwa tano. Puli nyingine za EJ nazo zina tabaka la mpira, na wapo mafundi makini wanaokataa kuliondoa hata hapo. Nawaheshimu. Kwa krenki fupi namna hii mimi niliona hatari ni ndogo, na nisingesema hivyo kwa Toyota ya silinda sita.

Jambo la pili ni kipenyo. Ziko puli nyepesi zenye kipenyo kilekile cha kiwandani, na ziko zilizopunguzwa ili altaneta, pampu ya pawa stelingi na kompresa ya AC zizunguke polepole. Kwa Tanga, kwa joto na unyevu huu wa pwani, chukua ya kipenyo kilekile. Ile ndogo itakupa AC dhaifu gari likiwa limesimama kwenye foleni, na taa zitafifia ukiwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Maji ya kupoozea injini hayahusiki hapa, kwa sababu pampu ya maji ya EJ205 inazungushwa na taimingi belti, mkanda wa ndani unaoendesha valvu kwa kufuata krenki. Na sensa ya krenki inasoma meno ya sproketi, gurudumu la meno la taimingi belti, iliyo ndani ya kava, si puli, kwa hiyo mabadiliko haya hayagusi mpangilio wa moto.

Puli ikifika, ikague kabla ya kuifunga. Ingiza kii, kile kipande cha chuma kinachoizuia puli isiteleze kwenye krenki, kwenye mfereji wake: ikae bila kulazimishwa na bila kucheza. Mahali inapokalia kofia ya boliti pawe tambarare, pasipo mikwaruzo ya mashine. Hesabu mifereji ya mikanda yote miwili ulinganishe na puli ya zamani, kisha pitisha kidole ndani yake. Ukingo mkali utakula mkanda.

Kazi yenyewe si ndefu. Toa waya wa hasi wa betri. Fungua feni za rejeta, boliti za 10 kwa juu, uzivute ziende juu; rejeta inabaki mahali pake na unapata nafasi ya mkono. Legeza altaneta kwa spana ya 12 utoe mkanda wa mbele, kisha legeza puli ya kukazia utoe mkanda wa AC. Piga picha ya mikanda kabla ya kuitoa.

Boliti ya krenki ni ya 22, inafunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka mbele ya gari. Inakaza sana. Weka gia ya tano, vuta breki ya mkono, na mtu akanyage breki ya mguu kwa nguvu zote wakati wewe unavuta spana yenye bomba refu. Kwa gari la otomatiki, kuna kifuniko cha mpira juu ya makutano ya injini na giaboksi. Humo unaingiza bisibisi nene kuzuia sahani ya nyuma ya krenki isizunguke. Kushika krenki vizuri kuna sababu nyingine: ikirudi nyuma, taimingi belti inaweza kulegea upande mmoja na kuruka jino, na kwenye injini hii valvu na pistoni hugongana. Ile njia ya kuegemeza spana chini na kupiga starta naijua, inafanya kazi, na siipendekezi. Spana ikiteleza inapasua rejeta au mkono.

Boliti ikitoka, puli ya EJ kwa kawaida inakuja kwa mikono ukiitikisa huku na huku. Usiichokonoe kwa bisibisi ukiegemea kava ya taimingi. Kava ni plastiki. Chungulia nyuma yake. Ukiona oili, sili ya krenki (pete inayozuia oili isitoke) imechoka, na ili uifikie lazima taimingi belti itoke. Ndiyo maana wakati bora wa kazi hii ni siku ya kubadilisha taimingi belti, kwenye kilomita 100,000. Unafungua mara moja, unamaliza yote.

Sasa sehemu inayoharibu injini za watu. Boliti hii haishiki puli peke yake, inabana na sproketi ya taimingi nyuma yake. Ikiwa haijakazwa sawasawa, puli inacheza kidogo sana, kila mzunguko inagonga kii, na mfereji wa kii kwenye krenki unatanuka. Dalili yake ni unga mwekundu kama kutu kuzunguka kofia ya boliti, na ukingo wa puli unaoyumba injini ikiwa sailensa. Mfereji ukishaharibika, mazungumzo ni ya krenki nyingine. Kwa hiyo safisha ncha ya krenki kwa kitambaa na petroli, paka grisi ya shaba nyembamba kama rangi, kwa sababu alumini na chuma vikikutana kwenye hewa hii ya chumvi hushikana. Usiipake kwenye nyuzi za boliti. Huko weka tone la oili ya injini. Anza boliti kwa vidole mpaka iingie mizunguko kadhaa, ndipo ushike spana.

Kwa EJ205 ya Impreza ya mwaka 2002 kitabu kinasema 127 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza. EJ za miaka ya baadaye zinataka zaidi, nyingine hadi karibu 180, hivyo tafuta namba ya injini yako. Toki renchi, spana inayopima nguvu hiyo, inaazimika kwenye gereji nyingi za Ngamiani, azima. Usiyeipata, 127 Nm ni sawa na kuvuta kilo 26 kwenye mwisho wa spana ya nusu mita, na mizani ya ndoano ya wavuvi itakuonyesha hizo kilo 26.

Mikanda iliyotumika, ukiibonyeza katikati kwa nguvu ya kilo 10, wa altaneta uingie milimita 9 hadi 11. Usiukaze zaidi ya hapo. Beringi ya altaneta ndiyo italipa.

Baada ya kilomita 500 nilirudi na toki renchi, boliti haikusogea. Sailensa imekuwa na mtetemo kidogo zaidi AC ikiwashwa, unausikia kwenye usukani. Na kuondoka kwenye kilima kunataka mafuta kidogo zaidi kabla ya kuachia klachi, kwa sababu mzunguko unaanguka haraka. Mwenye gari la familia anaweza kuona hilo ni kero, na ana haki. Anayepita mara kwa mara Pongwe, kwenye vumbi la barabarani, aipulize mifereji kwa hewa kila akifanya sevisi, maana vumbi lile likikaa chini ya mkanda linasaga alumini kuliko chuma. Puli ya zamani usiiuze kwa wa vyuma chakavu. Ipake oili, ifunge kwenye nailoni, uiweke. Atakayelinunua gari lako kesho huenda akaitaka.