Sakafu ya Nyumba Nyanda za Juu Kusini: Nini Ununue, na Kwa Nini Kapeti la Plastiki Liwe la Mwisho

Anayemalizia nyumba Mbeya, Iringa au Njombe hufika dukani mfuko ukiwa umekauka, na kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita humvutia kwa kuwa hutandikwa jioni moja na chumba kikapendeza. Bei yake nafuu, hata hivyo, haihesabu kinachotoka ndani ya kapeti baada ya kutandikwa, wala moshi wake siku litakapochakaa.

Nafasi ya kwanza naipa sakafu ya saruji iliyopigwa niru, yaani kulainishwa juu kwa saruji tupu. Ukitandaza karatasi ya nailoni chini ya zege la jamvi (tabaka la msingi la sakafu) ili kuzuia unyevu, fundi akapiga niru sakafu ikiwa bado mbichi, nawe ukaimwagilia maji kwa siku 7, utapata sakafu ya kudumu miaka mingi na rahisi kupigwa deki. Kutengeneza saruji kunachangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu, lakini jamvi utalimwaga hata ukinunua kapeti, na niru huongeza saruji kidogo tu. Ubaridi wa Juni na Julai utatulizwa na mkeka wa ukindu.

Ya pili ni marumaru, ambayo ni ghali zaidi ila haitoi kemikali chumbani, chagua isiyoteleza. Ya tatu ni mbao za paini, kama zile za shamba la miti la Sao Hill, ambazo hazina baridi mguuni. Hakikisha zimekauka, na uzikatae zenye rangi ya kijani ya dawa inayotiwa nguzo, kwa sababu dawa hiyo mara nyingi huwa na aseniki, ambayo ni sumu.

Kapeti la plastiki ni la mwisho. Ni PVC, aina ya plastiki ambayo kabla ya kuchanganywa na vitu vingine huwa na klorini karibu asilimia 57 ya uzito wake, na hutengenezwa kwa gesi ya vinili kloraidi, inayosababisha saratani ya ini. Mwaka 1974 ilibainika kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Louisville, Marekani, walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Ili PVC iwe laini, mara nyingi hutiwa kemikali ziitwazo thaleti, ambazo hazishikamani nayo moja kwa moja, hivyo hutoka polepole na kuingia katika vumbi ambalo mtoto anayetambaa hulilamba vidoleni. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2004 uliona uhusiano kati ya thaleti za vumbini na pumu ya watoto. Kwetu, ambako madirisha hufungwa kwa sababu ya baridi, kemikali hizo hazina pa kutokea. Inua pembe ya kapeti lililokaa msimu mmoja wa mvua juu ya sakafu yenye unyevu, utakuta ukungu mweusi chini yake.

Likichakaa hutupwa shimoni nyuma ya nyumba na kuchomwa. Hapo ndipo hutoka gesi inayounguza mapafu pamoja na dioksini, sumu inayodhibitiwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambayo hukaa udongoni kwa miaka mingi. Kuku wa kienyeji akichakura majivu hayo, sumu huingia kwenye mayai unayomkaangia mwanao.

Kama tayari unalo, fungua madirisha mchana, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, liweke mbali na jiko la mkaa, na usilichome kamwe.