Mynniskos na Kallippides: waigizaji wawili wa tanzia, Athens

Wote wawili walivaa barakoa iliyofunika uso mzima. Kukunja uso hakukusaidia kitu. Hisia zilipita kwenye sauti, mikono na mwendo. Hapo ndipo walipotofautiana.

Mynniskos, mtu wa Chalkis, aliigiza katika tanzia za Aeschylus, aliyefariki mwaka 456 KK au karibu na hapo. Mwaka 422 KK bado alishinda tuzo ya mwigizaji kwenye tamasha la Dionysia, yaani zaidi ya miaka 30 baadaye. Tuzo hiyo yenyewe ilianzishwa takriban mwaka 449 KK.

Kallippides alishinda kwenye Lenaia, tamasha jingine la maigizo, mwaka 418 KK. Yeye alitia vitendo vingi, na kwa mujibu wa mwandishi Xenophon alijivunia kuliza watazamaji wengi. Kwa vitendo hivyo, Mynniskos alimwita nyani. Mwanafalsafa Aristotle, anayetuhifadhia tusi hilo, anaongeza lawama nyingine: Kallippides aliigiza wanawake wa hadhi ya chini. (Waigizaji wote walikuwa wanaume, hivyo nafasi za kike zilikuwa kazi yao ya kawaida.) Aristotle mwenyewe hakatai mwendo wa mwili, anakataa mwendo mbaya.

Kwa kudumu, Mynniskos. Kwa umaarufu, Kallippides, ingawa haukumsaidia kila mahali: mwandishi Plutarch anasimulia kwamba alipojipeleka mbele ya Agesilaos, mfalme wa Sparta, akisubiri kusalimiwa, mfalme alimuuliza kama si yeye yule mchekeshaji.