Nilimlea Mbwa wa Kituo Wakati wa Korona: Uzoefu Wangu

Wiki chache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima, kituo kimoja cha kuhifadhi mbwa na paka kilifunga milango yake kwa wageni na kuwaomba watu wawachukue wanyama majumbani, kwa sababu waliokuwa wakijitolea kuwalisha na kuwatembeza hawakuruhusiwa tena kuingia. Nilijiandikisha kulea kwa muda, jambo ambalo ni tofauti na kuasili: mnyama hubaki kuwa mali ya kituo, nacho hugharamia matibabu yake na kinaweza wakati wowote kumkabidhi kwa mtu anayetaka kumchukua moja kwa moja.

Fomu ya maombi ilikuwa na swali lililouliza mbwa atakaa peke yake kwa saa ngapi kila siku. Niliandika kwamba hatakaa peke yake kabisa, kwa kuwa nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani, na hakuna aliyeniuliza itakuwaje nitakaporudi ofisini.

Mambo mengine yote yaliendeshwa kwa uangalifu. Ukaguzi wa nyumba ulifanyika kwa simu ya video, na siku ya makabidhiano mfanyakazi aliyevaa barakoa aliweka kizimba mlangoni, akarudi nyuma hatua kadhaa, akanisubiri nikifungue. Ndani alikuwemo jike mzima wa rangi ya kahawia, aliyekwisha kufungwa kizazi, kupewa dawa ya minyoo na kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Daktari wa kituo alinisisitizia ninawe mikono kwa sabuni na nisimpanguse manyoya kwa dawa za kuua vijidudu, kwani huunguza ngozi, tena mbwa huziramba. (Ninakiri kwamba chupa ilikuwa tayari mkononi.)

Nilielezwa kwamba mbwa wa kituo kwa kawaida huhitaji siku 3 kutulia, wiki 3 kuzoea ratiba ya nyumba na miezi 3 kujiona yuko kwao. Wangu alikaa siku 5 chini ya meza, akila usiku tu nilipokwisha kulala, na baada ya hapo hakubanduka miguuni pangu.

Kasoro ya huduma hii niliigundua baada ya miezi 4, ofisi zilipofunguliwa. Siku ya kwanza nilirudi nikakuta mlango umekwaruzwa kuanzia kitasa hadi chini, kucha zake zinavuja damu, na jirani akaniambia kwamba mbwa alibweka tangu nilipotoka. Nilimkemea, nikidhani ni ukaidi, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa maana mbwa wa namna hiyo haadhibu mtu bali ameshikwa na hofu, na kumgombeza humwongezea. Mwongozo niliopewa ulieleza kwa kirefu chakula, viroboto na kupe, lakini haukuwa na sentensi hata moja kuhusu kumzoesha upweke. Nilipoandika kuomba ushauri, jibu lilikuja baada ya siku 6.

Jibu lenyewe, hata hivyo, lilikuwa la maana. Nilitakiwa kushika funguo kisha kuketi, mara nyingi kwa siku, mpaka mlio wake usimshtue tena. Halafu kutoka kwa sekunde chache na kurudi kabla hajaanza kulia, nikiongeza muda kidogo kidogo na kurudi nyuma kila aliposhindwa. Wakati wote huo sikupaswa kumwacha peke yake kwa muda mrefu kuliko aliokwisha kuuweza, hivyo nililazimika kuomba ruhusa kazini na kumtegemea dada yangu. Kazi hiyo ilichukua wiki 9, ilhali ningeianza katika wiki ya kwanza, hata kwa kumwacha chumba cha pili kwa dakika 10 wakati ninapika, huenda mlango wangu ungekuwa mzima.

Kwa usalama wa makabidhiano na matibabu ninakipendekeza kituo hicho bila kusita. Kwa ushauri baada ya makabidhiano, bado. Mwisho wa mwaka niliomba kumwasili kabisa. Fomu ilikuwa ileile, na swali lilelile lilikuwepo. Safari hii niliandika saa 5 kwa siku, nikaambatisha daftari la mazoezi yake.