Boksi la fremu la nishani: lenyewe zuri, gundi yake tupa

Nimelinunua kwa ajili ya kaka yangu aliyerudi juzijuzi toka kulinda amani. Ni lile boksi la mbao lenye kioo mbele na uwazi ndani, sio fremu bapa ya picha, na kwa anayejiuliza kama linafaa kumpa askari aliyerudi nyumbani mi nasema linafaa ila kuna mambo uyajue kabla hujalipa.

Kilichonikosha ni kina chake. Bereti ya bluu ikikunjwa inakaa bila kugandamizwa na kioo, na hapo ndo fremu nyingi zinafeli maana zimetengenezwa kwa picha tu. Humu imeingia bereti, nishani, beji ya begani na picha moja na bado hapajabanana. Wameandika kioo kinazuia miale ya jua, sawa, ila usiamini sana ukaenda kulitundika mkabala na dirisha, utepe wa nishani ni kitambaa na kitambaa kikipigwa jua kila siku kitapauka tu. Na kwenye nishani za kulinda amani za Umoja wa Mataifa utepe ndo habari yenyewe, chuma kinafanana, mbele nembo ya UN nyuma maneno ya kutumikia amani, kinachoonyesha mtu alikuwa misheni ipi ni rangi za utepe.

Sasa gundi. Jamani! Ndani ya pakiti kuna kitubu cha gundi eti ya kubandikia nishani. Mtu kakaa misheni siku 90 ndo akastahili hiyo kitu halafu wewe uipake gundi? Utepe unaharibika, na siku akitaka kuivaa kwenye gwaride je? Shona. Mishono miwili mitatu nyuma ya utepe, uzi wa rangi inayofanana, basi, yetu alishona shemeji na huwezi kuona uzi umepita wapi. Kadibodi ya nyuma nayo ni ya kawaida, zile zina asidi inayogeuza karatasi na vitambaa kuwa njano taratibu, kwa hiyo weka katikati karatasi isiyo na asidi. Halafu usisugue nishani na dawa ya kung'arishia chuma, inakula michoro, kitambaa kikavu laini kinatosha.

Kuna kikaratasi cha maelezo kinashauri ufanye sapraizi, hapo siwaungi mkono hata kidogo. Mi nilimuuliza kaka kwanza na kumbe yeye alikuwa na yake, cheti akasema kikae kwenye faili, picha yake ya sare kamili hakuitaka kabisa, akachagua ile ya wenzake wa kikosi wamejazana kwenye gari wanacheka. Mama alitaka boksi likae sebuleni kila mgeni alione, kaka akasema chumbani kwake, likaenda chumbani. Wengine wakirudi hawataki kuona kitu cha jeshi kwa muda, wape nafasi, boksi halichachi.

Nyota nne, moja nimekata kwa gundi na kadibodi. Ndoano za nyuma ziko imara, kifuniko kinafunguka kwa mbele kwa hiyo akipata nishani nyingine huhitaji kulishusha ukutani. Kama ana nishani nyingi chukua saizi kubwa, hii ya kati ukishaweka bereti nafasi iliyobaki ni ya nishani chache tu.