Ukinunua panga, tazama msuka kabla ya makali

Msomaji mmoja wa Kengeja kanitumia picha, nikajikuta nasema astaghfirullah peke yangu jikoni. Mkono wa kushoto ameshika mpini mweusi wa plastiki, mzima, hauna hata ufa. Mkono wa kulia ameshika bapa la panga, jipya, vanishi bado inang'aa. Vimeachana. Alikuwa anafyeka chini ya mikarafuu na mdogo wake, akapiga, mkono ukarudi na mpini mtupu na bapa likaenda zake, likampita yule kijana ubavuni na kujichoma kwenye shina la mgomba. Alhamdulillahi hakuumia mtu.

Nilipoieneza ile picha malalamiko yakafuatana: Konde, Mtambile, Mwera, Kinyasini. Kila mmoja na maneno yake, lakini kesi ni moja. Panga linakata vizuri, mpini umeachia.

Yupo pia kaka mmoja wa upande wa Jozani anayeniuliza bunduki gani ya bei nafuu inafaa kwa kima wanaomalizia mihogo yake. Kaka yangu, silaha ya moto ni habari ya polisi na kibali, na kima punju wa Jozani wanalindwa na sheria. Mie ni mtu wa panga. Hilo ndilo ninalolijua, na hilo ndilo unaloweza kulinunua leo na kulitumia kesho bila kuulizwa na mtu.

Sitakuchosha na urefu. Inchi 18 kwa uani na madafu, 20 au 22 kwa konde lililosheheni magugu, basi. Rangi ya mpini haikati kitu. Makali nayo yasikubabaishe: makali ya dukani ni ya kukuuzia, utayanoa upya mwenyewe kwa tupa ukifika nyumbani. Wanunuzi wengi hupitisha kidole gumba kwenye makali, wakatikisa kichwa kwa kuridhika, wakalipa. Wamekagua kitu ambacho hata panga bovu kabisa linaweza kuwa nacho.

Cha kukagua kwenye panga ni msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini. Mapanga yaliyokwisha kazi nimempelekea fundi wa kuchomelea vyuma pale Mwanakwerekwe, akaipasua mipini yake kwa msumeno. Kwa nje yote yanafanana: mpini umejaa kiganja, ribiti tatu, vile vipini vya chuma vinavyobana mpini, zimepangika zinang'aa. Ndani ya moja, msuka ulikuwa kijiulimi kisichozidi kidole changu cha shahada, upana wake nusu ya bapa, kina tundu moja na ribiti moja. Nyuma ya hapo ni plastiki mpaka mwisho. Ribiti mbili za nyuma, zile zinazokupa imani ukiwa dukani, zilikuwa hazishiki chuma chochote. Zimepigwa kwenye plastiki kwa ajili ya macho yako. Fundi alicheka. Mie sikucheka.

Unapopiga panga kwenye kisiki, nguvu yote hugeukia pale bapa linapoingia mpinini. Msuka mrefu huigawa nguvu hiyo kwenye kiganja kizima. Mfupi huitupia ribiti moja, na tundu la ribiti hupanuka kila siku kidogo bila wewe kuhisi. Halafu tazama kona, pale bapa linapopunguzwa kuwa msuka. Ikiwa limekatwa ghafla, kona ya mraba, ufa huanzia hapo hapo. Linalofaa limepindwa taratibu, kona imeviringwa. Juu ya yote hayo weka jasho, umande wa asubuhi na hewa yetu hii ya chumvi. Maji yanaingia kwenye mdomo wa mpini na hayana pa kutokea, kutu inakula msuka gizani, na wewe kila jioni unalifuta bapa na kulisifu.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Mpini wa vipande viwili vya mbao hauna siri: utazame mgongoni na tumboni, utaona mstari wa chuma umelala katikati ya mbao. Mstari ukifika mwisho wa mpini, zungumza bei. Ukikatikia njiani, lirudishe. Mpini wa plastiki iliyomiminwa hauonyeshi kitu, kwa hivyo itabidi usikilize. Shika bapa kwa kitambaa, mpini mkono wa pili, uupinde pole pole kulia na kushoto. Ukisikia tik, au ukaona uwazi umefunguka kwenye mdomo wa mpini hata wa unywele, achana nalo. Kisha shika mpini kwa ulegevu ugonge bapa kwa sarafu. Lililoshikana vizuri mtetemo wake unakufikia mpaka kiganjani. Lililolegea sauti inafia njiani.

Chuma chenyewe kijaribu kwa kulipinda bapa kidogo, ncha ikiwa chini kwenye ubao. Likirudi sawa, limepikwa na kuzimwa vizuri. Likibaki limepinda, ni bati nene. Umemaliza.

Muuza duka atakununia. Mwache anune.

Sasa nakuja kwenye majina, na nasema mapema kwamba nina upendeleo. Mie ni wa Mamba. Nakusudia Mamba wa Martindale, kampuni ya Birmingham, Uingereza, iliyoanza mwaka 1874 na kuyapeleka mapanga yake kwenye mashamba ya miwa, minazi na mipira karibu dunia nzima. Ami yangu wa Wete analo moja ambalo bapa limeliwa na kinoo mpaka limebaki upana wa vidole vitatu. Ule mchoro wa mamba umefutika nusu, umebaki mkia na mguu mmoja. Mpini umeshabadilishwa, mbao haziishi milele, lakini ribiti zimepita kwenye matundu yale yale na msuka haujatikisika. Nimelishika na kulipinda mbele yake, akaniangalia kwa jicho la kuniambia nimtie adabu mtu mwengine, si panga lake.

Tatizo la Mamba ni kwamba mengi ninayoyaona mazima ni ya urithi, na mapya yanayouzwa kwa jina hilo si yote yenye haki nalo. Mjusi yeyote aliyechorwa kwenye bapa siku hizi anaitwa mamba. Alama ya karatasi isikudanganye. Itafute iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, uisikie kwa ukucha. Hata hivyo jina lisikutoshe, msuka uukague vile vile. Na ukikuta bapa kongwe la Mamba halina mpini, linauzwa kwa mafundi au limetupwa stoo kwa mzee fulani, lichukue kabla sijalifikia mie. Mpini wa mpera, mbao iliyokauka barabara, ribiti tatu za kweli, na umepata panga litakalokuzika.

La pili, na wengi watashangaa kuliona juu namna hii, ni panga la mhunzi. Springi ya gari, ile ya mapande bapa, ni chuma cha kaboni kilichotengenezwa kipindwe na kurudi maisha yake yote, na mhunzi anayejua moto wake atakufulia panga lisilojua kubaki limepinda. Msuka wake anaufua kutoka chuma kile kile, kona ameiviringa kwa nyundo, anaupitisha kwenye mpini mpaka utokeze nyuma, kisha anaupiga kichwa. Noleo, ile pete ya chuma ya kubana mpini, mbele, na hakuna cha plastiki. Ukienda na springi yako mwenyewe bei inashuka, na unaweza kukaa hapo ukamtazama, mivukuto inavuma, ukamwambia, "Mzee, msuka nautaka mrefu." Hakuna duka litakalokupa nafasi hiyo. Ubaya wake ni uzito. Kwa visiki na matawi ya miembe ni sawa. Kwa kuchonga madafu mchana kutwa mkono utakufa. Na wahunzi si wote wamoja. Yupo anayelizima panga gumu mno, makali yakameguka ukigonga jiwe. Uliza watu wa konde la jirani nani wanamtumia.

La tatu ni Tramontina, la Brazil, nyumba iliyoanza mwaka 1911 kwenye mji wa Carlos Barbosa, huko kusini ya nchi yao. Bapa jembamba, jepesi, lenye kuyumba na kurudi. Kwa nyasi na madafu sina la kulisema vibaya. Likiwa na mpini wa mbao tazama mstari wako wa chuma kama nilivyokwambia. Nimeliweka la tatu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba si la kumkopesha mtu: atakwenda kupasulia kuni, na bapa jembamba halikuumbwa kwa kuni.

Wazee watakutajia UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China. Ukiona bapa lenye alama hiyo kwa fundi, usiliache pale.

Yale ya bei chee yasiyo na jina wala nchi, mpini wa plastiki ya rangi rangi: kama huna budi, nunua, vunja mpini siku ile ile, tazama kilichomo. Msuka ukifika hata nusu, lipe mpini wa mbao. Usipofika, lifanye la kukwangulia matope.

Bei ndiyo inayonipandisha shinikizo la damu. Mizigo inatoka Dar, inashuka Unguja, inapanda tena chombo kwenda Pemba, na kila mkono inaopitia unataka chake, hilo naelewa. Nisichoelewa ni panga lile lile, lililokaa rafu ile ile na vumbi lile lile, kupanda bei siku watu wanapoanza kulipwa karafuu zao. Panga halijaenda pahala. Limekaa dukani tangu masika. Kilichobadilika ni mfuko wa mnunuzi. Na kwa sababu msimu ndio huo huo ambao mtu anahitaji kufyeka chini ya mikarafuu ili karafuu zinazoanguka zisipotee majanini, hana nafasi ya kusubiri. Basi nunua kabla ya msimu, wakati wenye maduka wanapiga miayo.

Halafu kuna wale wasiotaka uguse bidhaa. Duka moja la vifaa hapa mjini nililifikia nikaomba kulipinda panga, kijana akanipokonya mkononi: "Dada, hilo si la kuchezea. Mlete mumeo achague." Mume wangu hajawahi kupalilia hata mche wa mchicha. Nani analima mihogo huku kwetu, nani anakata kuni, nani anasafisha mgomba? Nendeni Makunduchi, nendeni Micheweni, mkahesabu wenyewe mikono iliyoshika mapanga asubuhi ni ya akina nani. Nikamuuliza msuka wa lile panga unaishia wapi. Akasema, "Msuka ndio kitu gani?" Na huyo ndiye mtaalamu niliyetakiwa nimlete mume wangu kwake.

Risiti pia waiandike. Najua ukutani pamebandikwa kwamba kilichouzwa hakirudi. Lakini panga lililoachana na mpini wiki ya kwanza halijatumiwa vibaya, limeuzwa likiwa bovu, na mwenye duka akiona una risiti na bapa mkono mmoja na mpini mkono mwengine, mbele ya wateja wengine, huwa anakumbuka ubinadamu. Msomaji wangu wa Kengeja hakupewa karatasi yoyote. Alipolirudisha aliambiwa pengine amelipigia mawe.

Ukishalipata lako, mdomo wa mpini uzibe. Nta inatosha, au gundi ya epoksi ukiwa nayo, pale chuma kinapoingia, maji yasipate njia. Bapa lifute kwa mafuta ya nazi baada ya kazi, ukiishi karibu na bahari usiache hata usiku mmoja. Usiliweke kwenye ndoo ya maji ati mbao ivimbe ikamate. Itakamata wiki moja, ikikauka itakuwa imelegea kuliko mwanzo, na kutu umeshaikaribisha ndani. Ribiti ikianza kucheza, mpelekee fundi siku hiyo hiyo, usiifunge kwa mpira wa baiskeli ukaendelea.

Na mnaonunua Unguja mkavuka nalo kwenda Pemba: lizungushieni gunia, kamba mbili, na lipelekeni kwenye mizigo mapema, msilitie kwenye mkoba wa mkononi. Hapo bandarini watalishika, boti itaondoka, na hakuna atakayekusikiliza ukimweleza kwamba ni la karafuu.